Peugeot 404 iliyolala shambani Machame: nichinje, na nikichinja nianzie wapi?

Kiboriloni_404

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Nina Peugeot 404 stesheni ya marehemu baba. Alikuwa karani wa ushirika wa kahawa, akainunua mkononi mwa mtu mwaka 1974, na tangu hapo haijatoka kwenye familia. Watoto sita tulipelekwa nayo kubatizwa. Mwaka 2021 na yeye mwenyewe tulimpeleka nayo kanisani safari yake ya mwisho, jeneza limelala pale nyuma tulipozoea kukaa na magunia. Nayasema haya mjue kwamba siuzi, na kwamba kunishauri niweke mashine ya Corolla hakutanisaidia.

Injini ni nzima. Ugonjwa uko nyuma. Mwezi wa tatu ilianza kulia nikiwa nateremka kutoka Uru, sauti kama mtu anaburuta meza kwenye sakafu ya saruji. Fundi wa mtaani akafungua nati ya chini ya difu, mafuta yakatoka yanametameta. Nikayachuja kwa kitambaa cheupe, kikabaki unga wa rangi ya dhahabu wa kujaa kijiko cha chai. Fundi akasema tutafute difu ya Hiace, tukate, tuchomelee. Nikalala chini ya gari nikaona propela haiko wazi kama ya Toyota, imo ndani ya bomba nene linaloshika gia boksi upande mmoja na difu upande wa pili. Nikamwambia kwanza asubiri.

Sasa nimepata 404 nyingine, sedani, huko Machame, ya kuchinja, yaani kuifungua nichukue spea. Iko kwenye shamba la kahawa la bibi mmoja mjane, imeegemea banda la zamani la kukobolea. Anasema haijawashwa tangu mwaka 1993. Mgomba umeota pale ilipokuwa sakafu ya abiria na umetokeza dirishani, lakini kioo cha mbele hakina hata ufa, taa za nyuma zipo zote mbili, na usukani haujapasuka. Bibi anataka laki saba. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekwishapita hapo mara mbili na Jumatatu ijayo anakuja na Fuso na mitungi ya gesi.

Nina Jumamosi na Jumapili tu. Nianze kufungua nini? Difu ya sedani itaingia kwenye stesheni? Na kuna jambo linaninyima usingizi: ile ya Machame ilikuwa ya mume wake, kama hii yangu ilivyokuwa ya baba. Nitajuaje kwamba imekufa kweli, nisije nikachinja gari ambalo mtu mwingine angeliponya?

Sakina_109

Kaka, 404 siijui, mimi ni mtu wa Land Rover, nina 109 ya Series III. Ila nimechinja Series IIA mbili kwa ajili yake, na nitakwambia kilichoniumiza zaidi: ndoo moja. Bolti zote nilizitupa kwenye ndoo moja nikijua nitazikumbuka. Baada ya miezi miwili nilikaa na ile ndoo kama mtu anayechambua mchele usiku bila taa.

Chukua vifuko vya nailoni, andika kwa kalamu ya wino mzito, kila bolti irudi kwenye tundu lake hata kama kile kitu umekwishakitoa, au iingie kwenye mfuko wake. Piga picha kabla ya kufungua, wakati wa kufungua na baada ya kufungua. Simu ijae picha za chuma, hakuna hasara.

Spana zako zitakuwa rahisi kuliko zangu, Mfaransa alitumia milimita. Kwetu Mwingereza ametuwekea inchi, na vijana wanakuja na namba 13 kwenye bolti ya nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo 13 inaingia, inazunguka kidogo, halafu inakula pembe zote na bolti inabaki duara kama kidonge. Namba 19 kwenye robo tatu inakaa vizuri, hiyo peke yake ndiyo ninayoiruhusu. Wewe ukiona mtu kaja na spana za inchi shambani, mrudishe nyumbani.

Njiro_Chuma

Siku mbili hazitoshi kufungua gari lililolala miaka thelathini. Kutu imekwishakuwa gundi. Lete gesi, kata vipande vinne, pakia kwenye Canter, uje ufungue nyumbani taratibu. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi na kazi huisha kabla ya chakula cha mchana.

Fundi_UngaLimited

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzee.

Niko Arusha, Unga Limited, nafanya kazi hii tangu mwaka 1979 na Peugeot ndiyo iliyonilea. Nitaandika kirefu kidogo, vumilia.

Ndugu yangu wa Njiro amesema ukweli kuhusu kutu, lakini kuhusu gesi nitampinga, maana kosa hilo nililifanya kwa mikono yangu. Mwaka 1996 nililetewa 404 sedani hapa yadi, nikaikata kwa mchana mmoja. Mpira wa kioo cha mbele uliungua, kioo kikapasuka kwa joto, waya za dashibodi zikayeyuka zikawa donge. Ekseli nzima niliitupa kwenye mzani, sikufungua difu hata kuitazama. Mwaka huohuo, kabla ya Krismasi, mwalimu mmoja wa Usa River akaja na 404 yake inalia kama unavyoeleza. Nilimtazama usoni nikakosa la kumwambia. Gari lake lilikaa uani kwangu miaka minne, mpaka likaondoka likiwa limefungwa kamba. Bado nalikumbuka kila nikisikia difu inalia.

Tena tangi la petroli likikaa tupu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu lina mvuke. Gesi ikiligusa, litalipuka. Litoe kwanza, lijaze maji, liweke mbali.

Sasa huo unga. Ule ni shaba. Magari karibu yote unayoyaona barabarani difu yake ni chuma kwa chuma, pinioni na gurudumu la meno. Peugeot wa wakati ule, 203, 403 na hiyo 404 yako, alifanya tofauti: aliweka skrubu ndefu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba. Skrubu haigongi meno, inateleza juu yake. Ndiyo maana difu ya 404 ikiwa nzima huisikii kabisa, unasikia matairi na upepo tu. Na kwa kuwa inateleza, uhai wake wote ni mafuta. Kiwandani waliagiza mafuta yenye asili ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo hiihii inayoota kando ya njia, lakini usiende Mbuyuni ukanunua chupa ya kupaka nywele, ile haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mafuta ya kiwandani yalipoadimika, sisi mafundi tukajaza mafuta ya kawaida ya difu, yale mazito yenye harufu ya yai viza. Harufu ile ni salfa. Kwenye chuma inalinda. Kwenye shaba, na hasa difu ikishapata moto, inakula. Nina hakika kabisa mtu alimfanyia mzee wako hivyo kwa nia njema, na huenda aliyefanya ni mtu wa rika langu. Utakapofunga difu nyingine, mwambie muuzaji kwamba unataka mafuta yasiyodhuru shaba, na asipoelewa swali lako nenda duka jingine.

Kuhusu sedani na stesheni: usilipe hata shilingi ukidhani ekseli itaingia nzima. Stesheni ni ndefu kuliko sedani, umbali wa tairi la mbele hadi la nyuma ni mita 2.84, na sedani ni 2.65. Bomba lako la propela ni refu zaidi. Unachokifuata kule ni skrubu na gurudumu lake, na hivyo viwili ni mke na mume, havitenganishwi. Hesabu meno ya gurudumu la shaba, kisha utazame mwisho wa skrubu uhesabu njia ngapi zinaanzia pale. Gawanya. Fanya hivyohivyo kwenye yako. Halafu tutaongea.

Utajuaje kama imekufa? 404 haina chesisi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Chukua bisibisi bapa, lala chini, sukuma kwa mkono, usigonge kwa nyundo. Anza chini ya milango, kwenye boriti inayokwenda kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. Kisha pale shokapu za mbele zinaposhika juu, ndani ya boneti. Kisha pale springi za nyuma zinapokalia. Bisibisi ikizama sehemu hizo tatu, gari limekufa, hakuna wa kuliponya, na kulichinja ni kuokoa kilichobaki. Ikizama sehemu moja tu, simama. Piga simu, mimi mwenyewe naweza kuja kulitazama. Gari zima la namna hii si la kufanywa spea. Nilikuwa mtoto mdogo Bert Shankland na Chris Rothwell waliposhinda mbio za magari za Safari kwa 404 mwaka 1966, wakarudia 1967. Walikuwa watu wa Dar es Salaam, na kaka zangu walilisimulia hilo kama ushindi wao. Baada ya hapo kila mwenye kahawa aliitaka. Barabara zilijaa, leo mimi nahesabu zinazotembea Arusha na Moshi kwa vidole.

Ikiwa imekufa, Ijumaa jioni nenda ukaloweshe. Changanya mafuta ya taa na haidroliki ya gia boksi, nusu kwa nusu, mwagia kila bolti unayotaka kuifungua, urudie usiku kabla ya kulala. Asubuhi utaona tofauti.

Jumamosi usiguse injini. Najua macho ya kila mtu yanakwenda kwenye injini, lakini injini haitavunjika kwa kukaa, na ni nzito, itakumalizia siku. Anza na vinavyovunjika na visivyopatikana: vioo, vifuniko vya taa, vishikio vya milango, mapambo ya sho, saa za dashibodi, usukani pamoja na mkono wa gia uliopo kwenye usukani na fimbo zake zote hadi chini. Zile fimbo zina vibushi vidogo, vikiisha gia hazikamati, na mafundi wengi wanadhani gia boksi imekufa kumbe ni kibushi cha ukubwa wa punje ya hindi. Chukua na feni. Feni ya 404 ina sumaku inayoishika injini ikipata joto, na brashi ndogo ya kaboni, usiipige.

Kioo cha mbele kitoe hivi: kata mpira. Usijaribu kuuokoa, umekwishakuwa kama biskuti. Kata ukingo wa nje kote kwa wembe wa kazi, mtu mmoja akae ndani asukume pembeni kwa viganja viwili akiwa amevaa soksi mikononi, wa pili apokee nje. Pembe ya juu kwanza. Usisukume katikati.

Jumapili shusha ekseli. Fungua bomba la propela pale linaposhika gia boksi, fungua shokapu, springi, ile fimbo ya kuvuka upande kwa upande, na mpira wa breki. Ekseli yote inatoka kwa nyuma ikibingirika juu ya matairi yake, kwa hiyo matairi yaache, nati tatu kila moja, usizilegeze kabla ya kufika nyumbani. Gari likae juu ya magogo yaliyokatwa bapa, si mawe. Jiwe hupasuka bila kukuaga. Ukifungua dramu za breki usipulize vumbi wala usilifute likiwa kavu, breki za zamani zina asbesto. Lowesha kwa maji kwanza.

Na hili la mwisho ndilo ninalokuomba sana. Ndani ya difu, kando ya beringi za skrubu, utakuta vyuma vyembamba kama karatasi, shimu. Nyingine nyembamba unaweza kuikunja kwa kucha. Hizo ndizo zinazoiweka skrubu katikati ya shaba. Za kushoto funga kwa waya wake, za kulia kwa waya wake, kwa mpangilio uleule. Ukizichanganya, hata difu mpya kabisa italia na kujila.

Dada_wa_Spea_Moshi

Fundi shikamoo. Umenifundisha, mimi nauza spea miaka kumi na moja na habari ya nyonyo sikuijua.

Mdogo wangu wa Kiboriloni, mimi naongea upande wa duka. Usibebe mipira. Mipira ya vioo, ya milango, bushi, mipira ya silinda za breki, vyote hivyo huisha kwa umri hata kama havikutumika, na bado vinatengenezwa Ulaya. Kule Sochaux, Ufaransa, kwenye kiwanda kikubwa cha Peugeot, wana makumbusho yao na wanauza spea za modeli za zamani. Ninayoshindwa kumtafutia mteja ni vioo vilivyopinda na chuma cha umbo. Madigadi ya 404 yenye ile pembe ya nyuma sijapata kuona dukani. Kama ya Machame ina hata moja isiyotoboka, itoe na bolti zake, ifunge kwa blanketi.

Halafu karatasi. Bibi ni mjane, kadi ya gari bila shaka ina jina la marehemu mume. Ana watoto Dar au kokote? Waongee nao kwanza, hata kwa simu, bibi akiwa anasikia. Andikianeni mkataba, mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie, uorodheshe namba ya bodi na ya injini. Kadi iende TRA ikafutwe usajili. Nimeona mtu ameuziwa injini kwa uaminifu mtupu, baada ya mwaka mtoto wa marehemu akarudi kutoka mbali akamfungulia kesi ya wizi. Laki saba zako zisije zikakupeleka kituoni.

Na bei, mimi ningempa bibi anachotaka. Kioo hicho peke yake, kikifika salama, ni nusu ya hela.

Kiboriloni_404

Nimerudi. Mikono inauma hata kuandika, lakini niliahidi moyoni kwamba nitaleta majibu hapa.

Ijumaa mchana nilimpigia binti mkubwa wa bibi, yuko Tabata. Alinyamaza kidogo, akauliza kama usukani bado una ule uzi mwekundu. Nikautazama, upo, baba yake aliuzungusha pale ili ajue matairi yamenyooka. Akasema tuendelee, ila uzi nimpe mama yake. Mwenyekiti wa kitongoji alisaini saa kumi na moja jioni, kadi ninayo.

Bisibisi ilizama sehemu zote tatu, fundi. Chini ya mlango wa dereva haikuhitaji kusukumwa, ilianguka ndani yenyewe na vumbi jekundu likamwagika kama unga wa mtama. Nilipokaa pale chini nikaona mizizi ya mgomba imeshika boriti yote kwa ndani. Hapo moyo wangu ulitulia.

Jumamosi saa moja tulikuwa watatu, mimi, binamu yangu na kijana wa jirani. Tulipofungua buti tukakuta nyuki. Bibi mwenyewe ndiye aliyewaondoa, alichoma majani mabichi ya mgomba kwenye debe akaliweka chini ya bampa, akatuambia tukanywe chai. Tulipoteza saa mbili.

Kioo cha mbele kimetoka. Binamu alikuwa ndani na soksi za shule mikononi, mimi nje, na kilipoachia pembe ya kwanza kilitoa sauti ya kizibo cha chupa. Kimesafiri hadi Kiboriloni kwenye godoro. Taa za nyuma zote mbili, fimbo za gia pamoja na vibushi, feni na sumaku yake, saa za dashibodi, milango miwili ya kulia, na madigadi ya nyuma ya kushoto, dada, haina tundu hata moja! Ya kulia ilibaki mkononi kama mkate mkavu. Injini tuliishusha Jumapili jioni kwa winchi ya mkono ya jirani. Haizunguki, nimemwaga oili kwenye matundu ya plagi, nimeiacha.

Ekseli ilitoka kama ulivyosema, inabingirika. Bolti moja tu ya shokapu ilitushinda, tukaikata kwa msumeno.

Difu nimeifungua jana usiku kwenye meza ya jikoni, mke wangu ameshika tochi. Mafuta yaliyotoka yalikuwa mazito, mekundu meusi, yakivutika kama asali ya nyuki wadogo, na hayakuwa na harufu ya yai viza. Yalinukia kama mshumaa uliozimwa. Nikafuta gurudumu kwa kitambaa. Ni la njano safi, na kila jino lina alama laini iliyolala katikati, kama njia ya kidole kwenye sabuni. Hakuna kipande kilichotoka. Bwana yule alikuwa akiweka mafuta sahihi mpaka siku aliyoiegesha. Nilikaa nikalitazama muda mrefu.

Meno 21, skrubu ina njia 5. Kisha nikafungua ya baba. Meno 19, njia 4, na yameliwa mpaka ncha zimekuwa kali kama kisu. Kwa hiyo hazilingani. Shimu nimezifunga kwa waya, kushoto na kulia, kama ulivyoagiza. Fundi, nifanye nini?

Bibi hakuchukua pesa yote. Alirudisha elfu hamsini akaomba kiti cha nyuma kibaki. Tumekiweka barazani kwake, ukutani upande wa jua la asubuhi, tukakiinua kwa matofali manne. Uzi mwekundu ameufunga kwenye mguu wa kiti.

Fundi_UngaLimited

Umefanya kazi ya mtu mzima.

Sikiliza hesabu. Ya baba yako ni 19 kwa 4, yaani propela inazunguka mara 4.75 tairi likizunguka mara moja. Ya Machame ni 21 kwa 5, mara 4.2. Ni nyepesi kukimbia, nzito kupanda. Kwenye lami ya Himo utaifurahia, injini itapumua. Ukielekea Uru na watu watano ndani utashuka gia mapema kuliko ulivyozoea, usiilazimishe. Na saa ya mwendo inasomwa kutoka gia boksi, kwa hiyo itakudanganya: ikionyesha 80 wewe uko 90. Bandika karatasi kwenye dashibodi ili hata ndugu zako wajue.

Lakini hayo ni kama itakaa ndani ya nyumba ya difu yako. Hilo sitalisema bila kupima, na wewe usijaribu kulifunga peke yako. Ile ya sedani iache na mafuta yake, usiioshe kwa petroli, ifunge kwa nailoni. Lete nyumba zote mbili, skrubu zote mbili, gurudumu lako lililoliwa, na shimu za pande zote na waya wake. Nina maikromita na nina rangi ya kupaka meno ili tuone yanagusana wapi. Tukiona haiingii, tutachukua vipimo vya lile gurudumu lako na nitazungumza na mtu anayechonga shaba.

Njoo Alhamisi, panda basi la kwanza, ufike kabla ya saa tatu. Baadaye yadi inajaa na nitakosa meza.

Na yale mafuta mekundu yaliyotoka, kama hujayamwaga, nitilie kidogo kwenye chupa. Sijayanusa tangu nikiwa kijana.